Mustang ya 1966, Corvette ya 1972 au Corvette mbovu ya 1964: pesa ileile, gari lipi?

Shemeji yangu wa Dallas alinitumia picha za magari matatu saa tano usiku, bila hata salamu. Chini yake kaandika: "Shem, nina dola 35,000 na gereji ya gari moja. Nichukue lipi?"

La kwanza lilikuwa Mustang ya 1966, ile yenye paa linaloteremka moja kwa moja mpaka mwisho wa buti, nyekundu, V8, yaani injini ya silinda nane. La pili Corvette ya 1972, rangi ya chungwa, injini ya inchi 350 za ujazo. La tatu Corvette ya 1964, zamani nyeupe, sasa rangi ya vumbi, imewekwa juu ya stendi ndani ya ghala huko Oklahoma. Injini imo, lakini mwenyewe kakiri kwenye tangazo kwamba si ile iliyotoka nayo kiwandani. Bei zote tatu zilicheza kati ya dola 31,000 na 37,000.

Nilimjibu asubuhi: "Shemeji, umeuliza kama mtu anayechagua Toyota ya mtumba." Maana Toyota mbili za bei moja huwa zinakaribiana hata kwa ubora. Magari haya hayako hivyo. Bei ile ile inakununulia Mustang iliyokamilika, Corvette ya kutembelea, au gunia la vipuri lenye jina zuri. Kazi yangu ni ufundi, nilianza kwa kunyoosha fenda za Land Rover Tanga, na sasa niko Ohio, ambako kila majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayonilipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo nikikuta gari kuukuu, macho yangu hayaendi kwenye rangi. Yanaenda chini.

Wataalamu wa majina watasema Mustang si gari la michezo hasa, kwa kuwa ina viti vinne na chini yake ilitokana na Ford Falcon, gari la kawaida la familia. Sawa. Lakini mnunuzi anayetafuta gari la Kimarekani la miaka ile, la milango miwili na mlio wa V8, hujikuta analitazama jicho moja na Corvette jicho la pili, kama shemeji. Basi tuyaweke pamoja.

Yametoka wapi

Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ya kuanzia dola 2,368. Watu waliigombania. Mwaka wa modeli ya 1966 peke yake zilitoka 607,568, na kati ya hizo zenye paa la kuteremka kama ya shemeji ni 35,698 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya umbo hilo liuzwe ghali kuliko ndugu zake wenye paa la kawaida, ingawa chini ya boneti ni walewale.

Corvette ni hadithi ya ukoo mmoja. Ya kwanza ilitoka Flint, Michigan, mwaka 1953, magari 300, yote meupe, ndani mekundu, bodi ya fibaglasi. Kisha kiwanda kikahamia St. Louis. Mwaka 1963 likaja umbo jipya lililoitwa Sting Ray, likadumu hadi 1967. Wapenzi wanaliita kizazi cha pili. Mwaka 1968 likaja umbo jingine, lenye kiuno chembamba na fenda zilizovimba, likaenda mpaka 1982. Hicho ni kizazi cha tatu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba vizazi hivyo viwili, chini ya nguo, ni pacha. Chasisi, urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kila moja na springi moja ya majani iliyolazwa kukingama gari, vyote vilianza 1963 na kuendelea kwenye kizazi cha tatu. Ukilala chini ya Corvette ya 1964 kisha chini ya ya 1972, lazima uwe fundi kuzitofautisha. Unachokilipia zaidi kwenye ya 1964 ni sura, na uchache wake: mwaka ule zilitengenezwa 22,229, na mwaka 1972 zilikuwa takriban 27,000. Si tofauti kubwa kihivyo. Mapenzi ya watu ndiyo yanayopandisha bei.

Namba: hapa ndipo pesa ilipo

Kama kuna mlango mmoja tu wa kuingia katika bei ya magari haya, ni huu. Mnunuzi wa Corvette anataka kujua kama injini iliyomo ni ile ile iliyofungwa kiwandani. Kwa lugha ya sokoni, "namba zinalingana" au hazilingani. Zisipolingana kwenye Corvette ya kizazi cha pili, kwa ninavyoona sokoni, robo nzima ya bei inaweza kuanguka, na wakati mwingine zaidi.

Ugumu ni kwamba namba ya bodi ya Corvette ya 1964 haisemi chochote kuhusu injini. Kibati kiko ndani, chini ya dashibodi upande wa kisanduku cha abiria. Kimeandikwa tarakimu ya mwaka, kisha 0837 kama ni yenye paa au 0867 kama ni ya wazi, kisha S ya St. Louis, kisha namba ya mfululizo. Basi. Gari lililouzwa na injini ya nguvu za farasi 250 na lile la farasi 375 lenye mfumo wa kupulizia mafuta yana namba za mtindo mmoja. Ndiyo maana wajanja walipata mwanya.

Ushahidi uko kwenye injini yenyewe. Mbele ya kichwa cha silinda cha upande wa abiria, kuna kipande bapa cha chuma kama upana wa vidole viwili. Mara nyingi kimejaa grisi iliyokauka. Chukua kitambaa na dawa ya kusafishia breki, futa taratibu, usikwaruze kamwe kwa msasa wala brashi ya waya. Utaona mafungu mawili ya herufi na namba. Fungu moja linarudia tarakimu ya mwaka na namba ya mfululizo ya gari. Jingine ni la kiwanda cha injini: kwa mwaka 1964, F ni Flint, tarakimu nne ni mwezi na siku, na herufi za mwisho ni aina ya injini. Tarehe hiyo lazima itangulie siku gari lilipounganishwa. Injini iliyozaliwa baada ya gari lake ni uongo.

Sasa inamia zaidi, washa tochi uipige kwa ubavu. Chuma kile kilichongwa kwa mashine kiwandani, na mashine iliacha mistari myembamba sana inayokwenda mbele na nyuma, imepangana kama ukindu kwenye mkeka. Mistari ikiwepo na namba zimegongwa juu yake, moyo utulie kidogo. Chuma kikiwa laini kinang'aa, au mistari inakwenda mshazari, kuna mtu alikisaga na kugonga namba anazozitaka. Nimeshaona moja ambayo tarakimu 3 ilikuwa imegongwa imepinda kwa upande, na muuzaji akaniambia kwa uso mkavu kwamba wafanyakazi wa St. Louis walikuwa walevi. Kweli kiwandani waligonga kwa mkono na namba hazikukaa sawa kila mara. Lakini gari lile lilikuwa halina mstari hata mmoja.

Ya 1972 inakuondolea nusu ya kazi hii. Mwaka huo ndio Chevrolet walipoanza kuweka herufi ya injini ndani ya namba ya bodi, na namba yenyewe inasomeka ukiwa nje, kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Ya shemeji ilianza 1Z37K2S5. Moja ni Chevrolet, Z ni Corvette, 37 ni yenye paa, na K ni injini ya 350 ya kawaida. Angekuwa anauziwa ile ya LT-1 yenye nguvu zaidi, herufi ingekuwa L. Ya inchi 454 ni W. Dakika moja, mjadala umekwisha. Tena gari la mwaka huo lilitoka na karatasi ya maagizo iliyogundishwa juu ya tangi la mafuta. Ukishusha tangi unaweza kuikuta bado ipo, imekauka na kuvunjikavunjika kama jani la tumbaku, lakini inasomeka. Ya 1964 haina bahati hiyo, kwa hiyo anayeuza bila makaratasi ya zamani anakuuzia maneno.

Mustang ni kinyume kabisa. Ukiacha ile ya injini ya farasi 271, bloku za injini za 1965 na 1966 kwa kawaida hazikugongwa namba ya gari. Hakuna wa kukuthibitishia kwamba V8 ya inchi 289 iliyomo ni ile ile, na soko limeshazoea. Linalotazamwa ni namba ya bodi, iliyogongwa kwenye chuma cha ndani ya fenda ya kushoto. Fungua boneti utaiona kwenye kikato cha fenda. Herufi ya tano ndiyo injini: C na A ni V8 za 289, K ni ile ya farasi 271, na T ni silinda sita.

Namba ya Mustang ya shemeji, kwenye picha aliyonitumia, ilianza 6R09T. Mwaka 1966, kiwanda cha San Jose, paa la kuteremka, na T. Silinda sita! Ilhali tangazo lilikuwa linaimba V8 mstari kwa mstari. Nikamwambia avute picha ya matairi ahesabu nati. Mustang za silinda sita zilitoka na nati nne kila gurudumu, za V8 tano. Akahesabu: mbele tano, nyuma nne. Yaani mtu alibadilisha injini na miguu ya mbele, pesa ikamwishia kabla hajafika nyuma. Ekseli ile ya silinda sita ni nyembamba, na siku shemeji atakapokanyaga mafuta kwa hasira ndipo atajua.

Kubadili injini si dhambi. Watu wengi wamefanya, na gari likifanywa vizuri linatembea raha. Dhambi ni kuliuza kwa bei ya lile lililozaliwa V8.

Mifupa

Wako watakaokuambia nunua Corvette, fibaglasi haishiki kutu. Fibaglasi haishiki, kweli. Lakini imevalishwa juu ya chuma. Chasisi ni chuma. Na kuzunguka kioo cha mbele na nguzo za milango kuna fremu ya chuma ambayo Wamarekani wanaiita kizimba cha ndege. Maji yanaingia kwenye pembe za kioo, yanateremka ndani ya nguzo, yanakaa chini pale karibu na miguu ya dereva, na kwa kuwa bodi ya nje haivimbi wala haibadiliki rangi, gari linaoza kimyakimya huku nje linameremeta. Hilo ndilo linalonitisha kwenye Corvette kuliko Mustang: Mustang ikioza inakuonyesha.

Cha mvunguni sharti uiname, na hapa si methali, ni maelekezo ya kazi. Kwenye Corvette zote mbili, toa kile kipande cha plastiki kilicho ubavuni mwa miguu ya abiria na cha dereva, mulika ndani. Ukiona chuma chenye rangi, vizuri. Ukiona magamba ya kahawia yanayomwagika ukigusa, funga, aga, ondoka. Kisha lala chini utazame chasisi pale inapopinda kupanda juu, mbele ya matairi ya nyuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama mlango wa mbao. Kutengeneza kizimba vizuri kunataka kuondoa kioo, pengine kunyanyua bodi nzima kwenye chasisi, na huo ni mwaka wa Jumamosi zako zote.

Mustang haina chasisi ya kujitegemea. Bodi na mifupa ni kitu kimoja. Ugonjwa wake mkubwa uko chini ya kioo cha mbele, pale kwenye matundu ya kuingizia hewa. Ndani ya matundu hayo kuna mfereji uliochomelewa na kufungwa pande zote, usioingilika kwa mkono wala brashi ya rangi, na majani yakijaa, unyevu unakaa humo. Baada ya miaka mfereji unatoboka na maji ya mvua yanadondokea zulia, sakafu inafuata, na baada ya sakafu yale masanduku ya chuma yanayofunga sakafu na mihimili. Kipimo chake ni jagi la maji. Inua zulia, mimina maji taratibu kwenye matundu, rafiki yako achuchumae ndani na tochi. Maji yatoke chini nyuma ya fenda. Yakionekana ndani, ujue unamlipa muuzaji ili upate kazi ya kuchomelea.

Faraja ya Mustang ni vipuri. Hakuna gari la zamani la Kimarekani ambalo ni rahisi kulipatia kipande: sakafu, fenda, milango, taa, mpaka bodi nzima mpya inatengenezwa kwa leseni ya Ford. Fundi wa kawaida wa kuchomelea, hata aliyejifunzia chini ya mwembe, anaiweza. Corvette nayo ina vipuri vingi, lakini fibaglasi inataka mkono wake. Huwezi kuipiga mchanga kwa presha kama chuma, unakula bodi. Rangi ya zamani inatolewa kwa msasa na uvumilivu, na gharama ya kupiga rangi Corvette kwa kiwango cha kujivunia, dola 15,000 hadi 25,000, huwashangaza watu waliozoea kulipia fenda moja. Tazama pia ndani ya fenda: paneli ya kiwandani ni laini pande zote mbili, na iliyowekwa baada ya ajali mara nyingi ina nyuzi zilizochomoza upande wa ndani, mbaya kama kifuu cha nazi.

Barabarani

Mustang ya 1966 na Corvette ya 1964 zina pampu kuu ya breki ya chemba moja. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki kwa pamoja. Ya 1972 ina chemba mbili, na diski magurudumu yote manne. Corvette zilipata diski mwaka 1965, kwa hiyo ya 1964 bado ina ngoma. Mwenye watoto asilipite hili kwa haraka, ingawa kubadili pampu si kazi kubwa na mimi huwashauri wote wabadili.

Diski za Corvette zina kilema chao: silinda zake za chuma zinaota kutu gari likikaa, kisha zinavuja. Dawa inajulikana, zinavalishwa bomba la chuma kisichoshika kutu, na baada ya hapo unasahau. Beringi za magurudumu ya nyuma nazo zinahitaji vifaa maalumu, kwa ya 1964 na ya 1972 sawia. Usimruhusu fundi wa nyundo azikaribie.

Na kuna taa za mbele, ambazo kwenye Corvette zote mbili hujificha ndani ya bodi zikizimwa. Corvette ya 1964 inazungusha taa zake kwa mota za umeme. Ya 1972 inazinyanyua kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kupitia mipira mirefu inayozeeka. Matokeo yake, washa taa, moja inapanda, ya pili inabaki imefumba, gari linakukonyeza. Ni ugonjwa wa dola chache na wa masaa mengi.

Wengine wanaikimbia ya 1972 kwa sababu kitabu kinasema farasi 200 wakati ya 1971 ni 270. Wamedanganywa na rula. Mwaka 1972 Marekani ilibadilisha namna ya kupima: injini ikapimwa ikiwa imevaa vifaa vyake vyote badala ya uchi juu ya benchi. Injini ni ile ile. Kushuka kwa kweli kulianza 1971, walipopunguza mgandamizo ili ikubali mafuta ya daraja la chini. Na 1972 ni mwaka wa mwisho wa bampa za kromu mbele na nyuma, na wa kioo cha nyuma kinachotoka. Kuanzia 1973 mbele wakaweka ya plastiki, mwaka uliofuata na nyuma. Ndiyo sababu ya 1972 inauzwa karibu mara mbili ya nyingi za mwisho wa miaka ya 70, na ndiyo sababu mimi mwenyewe, nisiye na haja ya kuuza, natembelea ya 1976 ambayo sitaitia senti ya ukarabati wa maana. Zilitoka 46,558 mwaka ule. Atakayeipiga rangi ya dola 20,000 atakuwa amevaa gari la bei ya rangi yake.

Hesabu

Ukarabati hauongezi bei kwa kadiri ya ulichotumia. Watu wengi wanalijua hili kwa kinywa, moyoni hawaliamini. Corvette ya 1964 ya shemeji, ikikamilika vizuri, na injini isiyo yake, ningeitarajia iuzwe kama dola 55,000 au 60,000. Akiinunua 31,000, rangi ikala 20,000, chasisi, breki, ndani, kromu na vioo vikala nyingine 25,000, amevuka bei ya soko kabla hajahesabu hata saa moja ya jasho lake. Gari bovu ni la mtu anayependa kazi yenyewe. Kama unataka gari, lipa yule aliyekwisha kupata hasara.

Waamuzi wa mashindano ya magari ya zamani nao wana akili zao. Chama cha National Corvette Restorers Society, kilichoanzishwa 1974, hakitoi pointi kwa kung'aa. Kinauliza: gari hili lilivyo leo linafanana kiasi gani na siku lilipotoka kiwandani? Daraja lao la juu linataka asilimia 94 na zaidi, na gari lililopigwa rangi nzuri kupita ile ya kiwanda linapoteza pointi kwa uzuri wake. Namjua mtu aliyeng'arisha boliti ambazo St. Louis walizifunga nyeusi. Alikuja kuzinunua tena nyeusi.

Ndiyo sababu gari ambalo halijaguswa linaweza kulipita lililotengenezwa. Mustang ya kijani ya 1968 ambayo mwigizaji Steve McQueen aliiendesha kwenye filamu iliuzwa mnadani Kissimmee, Florida, Januari 2020, kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada, ikiwa na makovu yake yote. Na wakati ardhi ilipodidimia ndani ya Jumba la Makumbusho la Corvette huko Bowling Green, Kentucky, Februari 2014, ikameza magari manane, matatu yalitengenezwa na matano yakaachwa vilevile yalivyopondwa.

Hizo ni hadithi za matajiri, lakini kanuni inashuka mpaka kwetu: usifute historia ya gari kabla hujajua inathamani gani. Na ukishanunua, kata bima ya thamani mliyokubaliana na kampuni, iandikwe kwa namba, siyo bima ya kawaida inayokadiria uchakavu, kwani kwa bima ya kawaida gari la miaka 50 ni chuma chakavu.

Jamaa wa Nairobi wanaoniuliza kama naweza kuwapakilia moja: Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, na usukani unatakiwa kulia. Haya yote usukani ni kushoto. Tanzania umri haukuzuii, ila ushuru wa uchakavu utakukumbusha.

Basi, kwa mtu gani

Ya 1964 ningempa mwenye karakana yake, mwenye subira ya miaka mitatu, tena kwa bei iliyopungua elfu nane, na kwa sharti kizimba kiwe kizima. Mustang ya V8 halali, yenye C au A kwenye namba yake, ningempa anayeanza kujifunza ufundi, kwa kuwa kila kosa utakalofanya linauzwa mpya dukani. Ya kawaida yenye paa la kawaida inatosha. Zilitengenezwa nusu milioni mwaka huo, hazitaisha. Lakini ile ya 6R09T kwa bei ya dola 37,000, hapana. Ya 1972 ni ya mtu kama shemeji: hana muda, ana gereji moja, anataka kuendesha Jumapili na asipoteze pesa akija kuiuza.

Alisikia nusu. Jumamosi alikwenda kuiona Mustang kwanza, kwa sababu nyekundu ni nyekundu. Alichukua jagi la maji kama nilivyomwelekeza. Muuzaji akamwambia gari hili halijawahi kumwagiwa maji na halitamwagiwa leo. Shemeji akarudi kwenye gari lake na jagi limejaa, akanipigia. "Shem," akasema, "nimeelewa."

Ya 1972 iliruhusu kukaguliwa mpaka chini ya zulia. K kwenye kioo, namba za injini zilizokaa juu ya mistari yake, kizimba kikavu, chasisi ikalia. Walimaliza kwenye dola 33,500. Jioni hiyo alinitumia video ya sekunde nane: gari liko kwenye gereji yake, taa zinawashwa, ya kulia inapanda, ya kushoto imelala. Nimeshamwagizia mipira.